Kielelezo cha Kuazima na Wajibu wa Mwenye Kuunganisha

Kielelezo ni mfano mdogo wa jambo kubwa. Mchoro wa nyumba ni kielelezo, ramani ni kielelezo, na hesabu ya mavuno iliyoandikwa kabla ya mbegu kutiwa ardhini ni kielelezo pia. Sifa yake kubwa ni udogo wake: kwa kuwa ni kidogo, mwanadamu aweza kukigeuza, kukipima na kukiharibu pasipo hasara. Kasoro yake kubwa ni udogo huo huo; maana kilichopunguzwa kimeachwa nje, na kilichoachwa nje hakiachi kuwapo duniani kwa sababu hakikuandikwa.

Katika zama hizi vielelezo vingi huandikwa kwa hesabu na kuendeshwa na kompyuta. Mtaalamu mmoja huandika namna mvua igeukavyo kuwa maji ya mto. Wa pili, namna mmea unywavyo. Wa tatu, namna bwawa lijaavyo na kufunguliwa. Wa nne, namna watu waongezekavyo mjini. Kila kielelezo kikishakamilika huwekwa kama tofali lililochomwa, tayari kwa mjenzi yeyote atakayelihitaji. Baadaye huja mtu mwingine, akayakusanya matofali hayo, akayapanga, akafanya mwigo wa mfumo mzima: wa bonde la mto, wa mkoa, au wa nchi. Kazi hii ya kuazima vipande na kuviunganisha ndiyo ichunguzwayo hapa, na si kwa upande wa ufundi peke yake, bali kwa upande wa haki. Swali ni hili: kipande kilichokuwa kweli mahali kilipotengenezwa kikitiwa katika jumla nyingine, na jumla ile ikasema uwongo, uwongo huo ni wa nani?

Kuazima si aibu. Hakuna mtu aanzaye elimu tangu mwanzo wake. Seremala hayeyushi chuma mwenyewe ndipo apate msumari, wala mwalimu habuni tarakimu upya kila afunguapo darasa. Kwa nchi isiyo na mali nyingi kuazima ni zaidi ya ruhusa. Kwakaribia kuwa faradhi. Kielelezo kizuri cha mwendo wa maji huchukua miaka kukiandika na miaka mingine kukisahihisha. Aliye na fedha za mwaka mmoja tu, akizikataa kazi za wenzake kwa kiburi, ataandika kibaya kuliko alichokikataa. Tena kipande kilichotumika mara nyingi kimeonwa na macho mengi, na makosa yake mengi yamekwisha kufichuliwa. Kwa hiyo asemaye kuwa dawa ya hatari ni kila mtu kujitengenezea chake hatoi dawa. Abadilisha ugonjwa tu.

Walakini iko methali isemayo kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hii haisemi kuwa nguo ile ni mbovu. Yaweza kuwa imeshonwa na fundi hodari kwa kitambaa cha thamani. Yasema tu kuwa ilishonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Ubora wa kitu hauhami pamoja na kitu. Hukaa kati ya kitu na mahali pake. Hili ndilo fundisho ambalo wenye kuunganisha vielelezo husahau kwa urahisi, kwa kuwa kielelezo, tofauti na nguo, hakionyeshi mapengo yake kikivaliwa na asiye wake. Hutoa namba zake kwa utulivu ule ule.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa jambo hili ulitokea mbali na Afrika Mashariki, katika kazi ya vyombo vya angani. Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou katika Guyana ya Ufaransa. Hata dakika moja haikutimia ilipoacha njia yake, ikavunjika na kulipuka. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ilikuta chanzo katika programu ya chombo cha kupimia mwelekeo. Programu hiyo ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vema. Ndani yake namba ndefu ilihamishiwa katika nafasi ndogo isiyoweza kupokea zaidi ya 32,767. Kwa mwendo wa Ariane 4 namba ile haikuweza kufika huko. Kwa Ariane 5, iliyokwenda upande kwa kasi kubwa zaidi, ilipita. La kusikitisha ni kwamba hesabu hiyo haikuwa na kazi yoyote kwa Ariane 5 baada ya kuruka. Ilibaki kwa kuwa ilikuwamo.

Jambo la pili lililoonwa na tume lagusa mada hii kwa karibu zaidi. Kabla ya safari mwigo wa mfumo mzima ulikuwa umefanywa, lakini chombo chenyewe hakikutiwa ndani yake. Mahali pake palishikwa na programu ya kukiiga. Ilidhaniwa kuwa kimekwisha kuthibitika. Hivyo sifa njema ya kipande ndiyo iliyokiepusha na mtihani. Aliyekiandika kwanza hakusema uwongo, wala aliyekiunganisha hakukusudia ubaya. Kipande kilikuwa kweli, lakini kwa masharti, na masharti hayakusafiri pamoja nacho.

Huenda ikasemwa kuwa roketi ni mambo ya mataifa tajiri. Lakini hali ile ile yaweza kufika Handeni, na kinachobebwa huko ni maji ya kunywa. Handeni ni nchi yenye ukame wa mara kwa mara na mito michache ya kudumu. Katika miaka ya 1970 ulijengwa mradi ujulikanao kwa herufi HTM, wa kuyavuta maji ya mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa mabomba mpaka Handeni. Mwaka 2022 Serikali ilitia sahihi mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa India, na Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo katika orodha yake. Kwa hiyo mtu wa Handeni akaa mbali na mto, na maisha yake yamo mtoni.

Mto huo nao haumtumikii yeye peke yake. Maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru. Mifongo ya Wachaga huyagawa mlimani, na mashamba ya tambarare huyanywa chini ya mlima. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, huyazuia. Kinamasi cha Kirua kiliyapokea kwa mafuriko, na tangu bwawa lijengwe kimepungua sana, na samaki wake pia. Ndipo maji yafike Korogwe, yazungushe mitambo ya umeme ya Hale, kisha ile ya maporomoko ya Pangani, na mwisho yaingie baharini. Hakuna awezaye kusema neno la kweli juu ya bomba la Handeni kwa kuitazama Handeni peke yake. Alazimika kuiga bonde zima, na bonde zima haliigiki pasipo vipande vya mafundi wengi.

Katika miaka ya 2000 Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani, pamoja na shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN, ilifanya uchunguzi wa namna hiyo. Wataalamu wa mwendo wa maji, wa mimea, wa samaki, wa mlango wa bahari na wa maisha ya watu walileta kila mmoja sehemu yake. Sehemu hizo ziliunganishwa ili kuona litakalotokea maji yakipewa zaidi kilimo, au umeme, au yakiachwa yapite kwa ajili ya mto wenyewe. Utaratibu uliotumiwa ulitokana na ule uliokuzwa Afrika Kusini na kutumiwa katika mito ya Lesotho katika miaka ya 1990. Basi hapa pana kuazima kwa wazi: hekima ya milima ya baridi ilishushwa katika bonde la mikonge na minazi.

Msomaji na atazame tofauti ya mahali hapo pawili. Lesotho haina pwani. Pangani ina mlango wa bahari, ambako maji ya chumvi huupanda mto kila maji matamu yapunguapo, nayo mikoko, mashamba na visima vya ukingoni huathirika. Utaratibu wa Lesotho ukiletwa kama ulivyo, chumvi hiyo haitaonekana, kwa maana haikuwa na jina kule ulikotoka. Ilipasa sehemu ya mlango wa bahari iongezwe na wataalamu wake wautembelee mto. Huko ndiko kuazima kwema: kilichochukuliwa ni namna ya kuuliza, na majibu yakatafutwa upya mahali penyewe. Aazimaye maswali hupata rafiki. Aazimaye majibu hupata bwana.

Lakini hata kazi iliyofanywa kwa uangalifu haiondoi hatari inayokaa katika viungo, mahali kipande kimoja kinapokabidhi namba zake kwa kingine. Na itazamwe hatari ya wakati. Kielelezo cha mto chahesabu kwa mwezi, na pampu hufanya kazi kwa saa. Cha kwanza kikisema kuwa wastani wa mwezi ni meta za ujazo 10 kwa sekunde, chaweza kuwa kimesema kweli tupu. Hata hivyo wastani huo hupatikana pia kama meta 20 zilipita kwa siku 15 na siku 15 nyingine mto ulikuwa mkavu. Karatasi itaonyesha maji ya kutosha, na ndoo zitapangwa bombani nusu ya mwezi bila kujazwa. Hakuna kipande kilichokosa. Kosa limo katika makabidhiano.

Hatari ya pili ni kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Mwandishi wa kielelezo cha kilimo, kwa haki, huandika kuwa sehemu ya maji ya mfereji hurudi mtoni. Mwandishi wa kielelezo cha mto alipima maji chini ya mashamba yale yale, kwa hiyo yaliyorudi yamekwisha kuingia katika kipimo chake. Wote wawili ni wakweli. Wakiunganishwa pasipo kuulizana, maji yale yatapita mara mbili katika karatasi, na mara moja tu katika mto.

Hatari ya tatu ni ya shaka zinazozaana. Ikiwa vipande vitano, kila kimoja kikiwa na uaminifu wa tisa katika kumi na hakuna kinachotegemea kingine, vyahitajika kuwa sawa vyote pamoja ili jibu la mwisho liwe sawa, uaminifu wa jumla haufiki sita katika kumi. Hata hivyo jibu la mwisho huandikwa kwa wino ule ule, na aghalabu kwa tarakimu nyingi zaidi.

Isidhaniwe kuwa mambo haya yalizaliwa na kompyuta. Mpango wa Serikali nao ni mwigo wa siku zijazo, na zamani ulifanywa kwa karatasi. Ripoti ya Benki ya Dunia juu ya Tanganyika, ya mwaka 1961, ilishauri kilimo kibadilishwe kwa makazi mapya yenye usimamizi na mitaji. Makazi ya majaribio yakaanzishwa, na moja lilikuwa Kabuku, katika Handeni, ambako zao lilikuwa mkonge. Bei ya mkonge ilikuwa juu mwaka 1963, kisha ikaanguka. Mkonge hauvunwi mwaka uliopandwa. Hudai miaka ya kungoja. Hesabu iliyosema kweli kwa shamba kubwa, lenye akiba ya kuvumilia bei mbaya, haikuweza kusema kweli ile ile kwa mkulima asiye na akiba. Mwaka 1966 Serikali iliiacha njia hiyo ya makazi ya gharama kubwa.

Baada yake kilifuata kielelezo kingine, kilichokuwa na utu zaidi. Huko Songea, Litowa na vijiji vilivyoshirikiana nayo katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma vilikuwa vimeonyesha kuwa watu wachache, kwa hiari na kwa kuamua mambo yao wenyewe, waweza kulima na kusomesha watoto pamoja. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kuwa vijiji vya ujamaa havijengwi kwa kulazimisha. Chama cha Ruvuma kilivunjwa mwaka 1969, na kufikia mwisho wa 1973 kukaa vijijini kulikuwa kumefanywa amri kwa nchi nzima. Vijiji vya Mkoa wa Tanga katika miaka hiyo vilichunguzwa na Michaela von Freyhold katika kitabu chake cha 1979. Yako mengi ya kubishaniwa juu ya siasa ile, na wema wake haukuwa mdogo: shule na zahanati ziliwafikia watu ambao hawakuwahi kuziona. Lakini kwa mada hii neno moja latosha. Hiari haikuwa pambo la kielelezo cha Litowa. Ilikuwa msumari wake. Kilichosafirishwa kwenda kwingine kilikuwa umbo la kijiji, na msumari ukaachwa Songea. Tena watu wakikusanywa mahali pamoja, haja ya maji nayo hukusanyika. Na katika nchi kavu kama Handeni jambo hilo halitatuliwi kwa umbo la kijiji, hata likiwa zuri namna gani.

Sasa swali la kwanza laweza kurudiwa. Watu watatu husimama mbele ya jumla iliyosema uwongo. Aliyetengeneza kipande asema, “Kazi yangu ilikuwa sahihi pale nilipoifanyia.” Aliyeunganisha asema, “Niliamini kazi ya fundi.” Mtawala aliyeamua kwa namba zile asema, “Niliwasikiliza wataalamu.” Kila mmoja asema kweli, na kweli tatu zikiwekwa pamoja zafanya udhuru mmoja usio na mwenyewe. Wa nne, aliyekwenda bombani akarudi na ndoo tupu, hakuulizwa neno, na yeye peke yake ndiye aliyelipa. Hapo ndipo uovu wa jambo hili ulipo. Kosa katika hesabu ni la kibinadamu, na husameheka. Lakini utaratibu unaogawanya kazi mpaka lawama iishe njiani ni dhuluma, hata kama hakuna mdhalimu.

Hukumu ya haki yaelekea kumwangukia wa pili zaidi ya wengine. Wa kwanza hakujua kazi yake itapelekwa wapi. Wajibu wake ni kuandika wazi masharti yake: ni kwa mito ya namna gani, kwa vipimo gani, kwa muda gani, na wapi haijajaribiwa. Wa tatu hana elimu ya kuyapambanua, ingawa ana wajibu wa kuuliza. Mwenye kuunganisha ndiye peke yake anayeona vipande vyote kwa pamoja. Jumla ni kitu kipya duniani, na mwandishi wake ni yeye. Hata kama hakuandika mstari mmoja wa hesabu, aliandika neno “pamoja”, na neno hilo ni dai kubwa kuliko yote yaliyomo.

Atajibu kuwa hawezi kuyajua matumbo ya kila kipande. Kwamba pasipo kuaminiana hakuna elimu. Jibu hili lina uzito, na halipaswi kudharauliwa. Hakika mtu hula mkate pasipo kwenda kinuni kuukagua unga. Lakini kuamini si kukoma kuuliza. Kitu cha kuazima ni amana, na mwenye amana hulazimika kujua angalau hatari zinazokiharibu. Hadaiwi kujua kila kilichomo ndani ya kipande. Adaiwa kujua mipaka yake, kukijaribu tena ndani ya jumla yenyewe na si pembeni, na kutaja hadharani shaka iliyobaki. Asipoweza hata hayo, basi adaiwa kunyamaza, au kusema kuwa jibu lake ni dhana.

Adaiwa pia kumsikiliza wa nne. Mwanamke wa Handeni ajuaye ni siku zipi bomba hukauka anacho kipimo ambacho hakimo katika daftari za bonde. Si kwamba mwenyeji hakosei. Yeye naye hukumbuka mwaka mbaya kuliko miaka mema, na huona sehemu yake tu ya mto. Neno lake lisipokewe kama hukumu, bali kama ushahidi. Mwigo ukisema kuwa maji yapo na mwenyeji akisema kuwa hayapo, mmoja wao ana jambo la kueleza, na si haki kudhani kila mara kuwa ni mwenyeji.

Waswahili husema kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Fundi wa chombo hukijua kila kiungo kwa mkono wake, na kalafati huitia pale ubao ukutanapo na ubao, kwa kuwa ajua kuwa bahari haiingii katikati ya ubao. Wenye kuunganisha vielelezo wangefaa kuiga desturi hiyo. Mwigo mwingine wa bonde la Pangani utafanywa, na mwingine baada yake, kwa vipande vitakavyotoka pande nyingi za dunia. Na ni vema vitoke. Mtu wa Handeni hana haja ya kujua vilikotoka. Haja yake ni kwamba juu ya karatasi ile, kando ya namba, yawepo masharti ya kila kipande, shaka iliyobaki, na jina la mtu aliyekubali kuulizwa.